Mahali pa Kusimika Antena ya Redio ya Chuo

Redio ya chuo yenye nguvu ndogo, yaani kituo cha FM chenye mtambo wa kurushia matangazo wa wati chache hadi mia moja hivi, kinachokusudiwa kuwafikia wanafunzi, wafanyakazi na majirani wa kampasi, hutegemea mno jambo ambalo katika mipango mingi huachwa hadi mwisho, nalo ni mahali itakaposimama antena. Kamati hujadili kwa kina bei ya mtambo, maikrofoni, kompyuta na namna ya kuzuia mwangwi studioni, kisha antena hufungwa juu ya paa la jengo lenye studio kwa kuwa tu studio imo humo. Na matangazo yasiposikika bwenini, lawama huangukia mtambo na fedha huanza kutafutwa za kununua mkubwa zaidi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Kwa kituo kidogo, mahali pa antena huamua karibu kila kitu kinachofuata, na mtambo mkubwa hauwezi kuliponya kosa lililofanywa katika kuchagua mahali hapo.

Uchaguzi huanza kwa kujua walipo wasikilizaji. Redio za vyuo zenyewe zilizaliwa kwa kulizingatia jambo hilo kikamilifu: mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, wanafunzi George Abraham na David Borst walianzisha kituo kilichowafikia wenzao bwenini kwa njia ya nyaya, na mbinu iliyoenea katika vyuo vya huko baadaye ilikuwa ya kupitisha mawimbi dhaifu ya redio ndani ya nyaya za umeme za majengo, hivi kwamba redio iliyowekwa karibu na ukuta wa bweni ilinasa matangazo, ilhali iliyokuwa mbali kidogo na jengo haikunasa kitu. Vituo hivyo havikuhitaji mlingoti wala kilima, kwa sababu wasikilizaji wao waliishi pamoja chini ya mapaa machache yaliyojulikana. Katika vyuo vya Afrika Mashariki hali haiko hivyo, kwani wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani, wengine umbali wa kilomita tatu au nne kutoka lango la chuo, na ramani ya wasikilizaji huwa imetawanyika upande mmoja wa kampasi zaidi ya mwingine kwa kufuata barabara ya daladala, soko na nyumba za bei nafuu. Ramani hiyo, ikichorwa kwa uaminifu, ndiyo inayopaswa kulazwa mezani kabla ya mtu yeyote kupanda juu ya paa lolote.

Pamoja na mahali waliko, kuna namna wanavyosikiliza. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) unaotumiwa kupanga vituo vya FM unataka matangazo ya stirio yafike yakiwa na nguvu ya angalau 54 katika kipimo cha desibeli juu ya mikrovolti moja kwa mita kwenye maeneo ya vijijini, 66 mijini, na 74 katika miji mikubwa. Desibeli ni kipimo cha uwiano, ambapo nyongeza ya 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili, nyongeza ya 6 ni mara nne, na nyongeza ya 10 ni mara kumi. Hata hivyo, viwango hivyo vimewekwa kwa kudhani kwamba anayepokea ana antena iliyo mita 10 juu ya ardhi, kama zile zilizofungwa juu ya nyumba enzi za redio kubwa za mezani. Mwanafunzi wa leo husikiliza kwa simu ambayo waya wa visikizio ndio antena yake, akiwa ameketi chumbani nyuma ya ukuta wa tofali na chini ya dari la bati, na kati ya mita 10 angani na mita moja na nusu mkononi mwake kuna upungufu unaoweza kufikia desibeli 16 juu ya ardhi tambarare, yaani kiasi cha mara arobaini ya nguvu. Mpango unaotegemea takwimu za mwongozo peke yake, bila kuiondoa tofauti hiyo, huahidi eneo ambalo kituo hakitalifikia kamwe.

Ili kuelewa kwa nini mahali hupita wati, inafaa kutazama tabia ya mawimbi yenyewe. Masafa ya FM, yaliyo kati ya megahetsi 87.5 na 108, yana urefu wa wimbi wa karibu mita 3, na mawimbi ya urefu huo husafiri takriban kwa mstari mnyoofu, yakipinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Umbali wa upeo wa redio, yaani mahali ambapo ardhi huanza kuificha antena, hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita na kukizidisha kwa 4.12, na jibu huwa kilomita: antena ya mita 30 ina upeo wa kilomita 22.6 na ya mita 10 ina upeo wa kilomita 13. Hesabu hii ndiyo inayopendwa na wauzaji wa mitambo, kwa kuwa inatoa tarakimu za kupendeza, lakini inaeleza tu mahali ambapo mawimbi huzibwa na mviringo wa dunia na haisemi lolote kuhusu nguvu yatakayokuwa nayo kabla ya hapo.

Kinachoamua nguvu hiyo kwa kituo kidogo ni uhusiano wa wimbi na ardhi iliyo chini yake. Wimbi halipiti angani kama uzi mwembamba. Linahitaji nafasi pana kuzunguka mstari wa kuonana, nafasi iitwayo ukanda wa Fresnel kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel, na kwa masafa ya megahetsi 100 katika safari ya kilomita 5, ukanda huo una nusu kipenyo cha mita 61 hivi pale katikati ya njia. Hakuna mlingoti wa chuo unaoweza kuuinua ukanda wote huo juu ya mapaa na miti, na kwa hiyo sehemu ya wimbi hugonga ardhi, hurudi ikiwa imegeuzwa, na kufika kwa msikilizaji karibu sambamba na lile lililokuja moja kwa moja, ambapo mawili hayo huanza kufutana. Kadiri antena inavyoinuliwa ndivyo njia za mawimbi hayo mawili zinavyozidi kutofautiana na ndivyo kufutana kunavyopungua. Matokeo yake kihesabu, juu ya ardhi tambarare, ni kwamba kuzidisha kimo cha antena mara mbili huongeza desibeli 6, sawasawa na kuzidisha nguvu ya mtambo mara nne. Kituo chenye wati 50 zinazotoka kwenye antena ya mita 15, kikimlenga msikilizaji aliye umbali wa kilomita 5 na redio yake ikiwa mita moja na nusu juu ya ardhi, kitamfikishia nguvu ya takriban 45 katika kipimo kilichotajwa. Antena ileile ikipandishwa hadi mita 30 inafika 51, na ikifika mita 60 inakuwa 57. Ili mlingoti wa mita 15 uufikie wa mita 60 bila kuinuliwa, ungehitaji wati 800.

Wadhibiti wa utangazaji wanaijua kanuni hii vizuri. Tume ya mawasiliano ya Marekani, ilipoanzisha huduma ya FM ya nguvu ndogo mwaka 2000, iliweka kikomo cha wati 100 kwa antena iliyo mita 30 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka, kiasi kinachotoa huduma kwa umbali wa takriban kilomita 5.6, na ikaagiza kwamba kituo chenye antena iliyo juu zaidi ya hapo kipunguze nguvu yake. Maneno “juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka” yanastahili kuzingatiwa, kwa maana mlingoti wa mita 12 juu ya kilima ni mrefu kuliko mnara wa mita 40 bondeni. Vyuo kadhaa vya ukanda huu vimebarikiwa katika hilo: kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekaa kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani, Makerere iko juu ya kilima chake mjini Kampala, na Chuo Kikuu cha Dodoma kimejengwa kwenye miinuko iliyo nje ya mji. Katika mazingira kama hayo, ardhi yenyewe imekwisha fanya kazi ambayo mnara ungeifanya kwa gharama kubwa.

Hata hivyo kilima kina hila zake, na hapa ndipo makosa mengi ya nia njema hutokea. Kilele cha juu kabisa cha jirani huvutia macho ya kila kamati, lakini kilele kinachoonekana kutoka mjini si lazima kionekane kutoka bwenini, kwa kuwa bega la mlima, yaani ile sehemu ya mteremko inayojitokeza kabla ya kuporomoka, mara nyingi huwaficha walio karibu na mguu wa mlima na kuwaacha kwenye kivuli huku matangazo yakisikika vizuri kwa watu wa kilomita kumi mbele ambao chuo hakina shughuli nao. Antena yenyewe huongeza tatizo ikiwa imepangwa kwa ghorofa. Ili kupata nguvu zaidi kuelekea upeoni, mafundi hupanga antena nne wima katika mlingoti mmoja, zikiachana kwa urefu wa wimbi mmoja, na mpangilio huo hukusanya nguvu mbele kwa kuiondoa kwenye pembe fulani za chini, ambapo pembe ya kwanza isiyopata kitu huwa takriban digrii 14.5 chini ya usawa. Juu ya kilima cha mita 120, mstari wa pembe hiyo hugusa ardhi mita 460 hivi kutoka kwenye mlingoti, na bweni likiwa hapo litaiona antena kwa macho lakini redio itakwaruza. Antena moja, au mbili kwa zaidi, huwafaa walio karibu kuliko safu ndefu, na nguvu inayopotea kwa kuacha safu hiyo ni ile iliyokuwa ikienda kwa wasiokusudiwa.

Mwanza inaonyesha upande mwingine wa suala hilo. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino iko Malimbe, karibu na Nyegezi, kandokando ya Ziwa Victoria, katika mji ambao miamba mikubwa imetapakaa kila mahali, na ambao makazi yake yamepanda vilima na kushuka tena upande wa pili. Katika ardhi ya namna hiyo mawimbi hufika kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, mengine yakiwa yamerudi kutoka kwenye mwamba na mengine kutoka kwenye maji, na msikilizaji husikia sauti ikichanika, hasa kwenye herufi kali, ingawa kipimo cha nguvu kinaonyesha kwamba matangazo yapo ya kutosha. Kuongeza wati hakusaidii chochote, kwa sababu wimbi la moja kwa moja na yale yaliyorudi huongezeka pamoja. Kinachosaidia ni kuihamisha antena mita chache au kuifunga upande mwingine wa mlingoti ili upande wenye mwamba upate kidogo, jambo linalowezekana kwa sababu mlingoti wa chuma ulio karibu na antena wima hubadilisha umbo la mionzi yake, ukipunguza upande mmoja na kuongeza mwingine. Ubaya wa tabia hiyohiyo ni kwamba fundi asiyeijua hufunga antena upande wowote uliomrahisishia kupanda, na mtaa wenye wanafunzi wengi ukaangukia kwenye upungufu.

Baada ya ardhi huja kebo, na hapa hesabu ni fupi lakini kali. Kila mita ya kebo kati ya mtambo na antena hula sehemu ya nguvu na kuigeuza kuwa joto: katika masafa ya FM, kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 16 kwa kila mita 100, RG-213 hupoteza karibu 7, na kebo nene ya nusu inchi yenye ganda la shaba hupoteza 2 na kitu. Kwa urefu wa mita 40, mtambo wa wati 50 utaifikishia antena wati 11 au 12 tu kupitia RG-58, wati 26 kupitia RG-213, na wati 40 kupitia kebo ya nusu inchi. Kwa hiyo mahali palipo juu panapolazimisha kebo ndefu hapapaswi kukataliwa wala kukubaliwa kabla ya kujua kebo gani itanunuliwa, na mara nyingi jibu sahihi ni kuupeleka mtambo chini ya mlingoti, kwenye kibanda kilichofungwa vizuri, na kuiacha studio ilipo. Sauti ya studio inaweza kusafirishwa hadi hapo kwa kiungo kidogo cha masafa ya gigahetsi 5, kama vile vinavyotumiwa kusambaza intaneti kati ya majengo, ambacho ukanda wake wa Fresnel kwa kilomita 5 ni mita 8 hadi 9 tu pale katikati na kwa hiyo huridhika na njia finyu, ila hakivumilii hata mti mmoja ukisimama ndani yake.

Kibanda hicho kinahitaji umeme, na umeme ndio unaoamua zaidi ya fizikia katika kampasi nyingi. Kilele kisicho na nguzo ya umeme hudai laini mpya au paneli za sola na betri, na betri zilizo mahali pasipo mlinzi haziishi muda mrefu, sawa na kebo za shaba. Mnara wa tangi la maji la chuo, ambao kwa kawaida umejengwa pahali palipoinuka, una umeme wa pampu, una uzio na una mtu anayeufikia kila siku, umekuwa chaguo linalopuuzwa bila sababu.

Kupanga nafasi kwenye mnara wa kampuni ya simu au wa kituo kingine cha redio ni njia inayopunguza gharama ya ujenzi, lakini huleta mwingiliano, yaani masafa yasiyokusudiwa yanayozaliwa pale mawimbi ya mitambo miwili yanapochanganyika ndani ya mmojawapo. Kituo cha megahetsi 100 na kingine cha megahetsi 106 vikiwa mnara mmoja bila vichujio vinaweza kuzaa wimbi la megahetsi 112, ambalo limo ndani ya masafa yanayotumiwa na vifaa vya kuongozea ndege, kati ya megahetsi 108 na 118. Chuo kilicho karibu na uwanja wa ndege kina wajibu mkubwa zaidi katika hili, na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kimo cha mlingoti, rangi zake na taa yake inapaswa kuombwa mapema.

Usalama wa watu walio karibu unapimika pia. Kiwango cha kimataifa cha kinga dhidi ya mionzi ya redio kwa umma, kilichowekwa na tume ya ICNIRP, ni takriban volti 28 kwa mita katika masafa ya FM, na antena yenye wati 50 hufikia kiwango hicho kwa umbali wa mita 1.8 hivi, na mwakisiko wa paa la bati unaweza kuusogeza mpaka huo hadi kiasi cha mita 3.5. Paa ambalo wanafunzi huanikia nguo au kupumzikia jioni si mahali pa antena iliyofungwa usawa wa kichwa, ila linaweza kuwa mahali pazuri ikiwa mlingoti utaiinua mita 6 au zaidi juu ya sakafu hiyo. Ukaribu huohuo husumbua pia maabara za elektroniki na redio za vyumba vya chini yake, ambazo huzidiwa na nguvu ya jirani zikashindwa kunasa vituo vingine.

Radi inastahili uzito wake wenyewe, kwa kuwa eneo la Ziwa Victoria na nyanda za juu zinazolizunguka ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi barani Afrika, na mlingoti mrefu kuliko vyote vilivyo karibu nao huwa shabaha. Mahali pazuri pa antena ni lazima pawe na udongo unaoweza kupokea ethi, yaani waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini, na mwamba mtupu wa kilele haupokei vizuri: ili kufikia ukinzani wa chini ya omu 10 hulazimu kutandaza nyaya za shaba pande kadhaa kwa umbali mrefu hadi kwenye udongo wenye unyevu. Ganda la kebo linapaswa kuunganishwa na ethi juu, chini na kabla ya kuingia chumbani, na ethi zote za mlingoti, za mtambo na za umeme wa jengo zifungwe pamoja, kwa maana ethi mbili zisizounganishwa huupa umeme wa radi njia ya kupita katikati ya mitambo. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, radi huwa na nafasi ndogo kuliko chumvi, ambayo husafirishwa na upepo wa kusi na kaskazi na kula viungio vya kebo. Huko mlingoti ulio mita mia chache nyuma ya ufuo hudumu kuliko ule uliosimama ukiitazama bahari.

Mambo haya yote yanaweza kukadiriwa mezani. Ramani za mwinuko zilizotokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000 zinapatikana bila malipo, na programu kama Radio Mobile huzitumia kuchora eneo ambalo antena italifikia. Michoro hiyo inaaminika kwa vilima na mabonde, lakini haiwezi kuwa hukumu ya mwisho, kwani haijui bweni jipya la ghorofa sita wala msitu wa mikalitusi ambayo baada ya miaka mitano itakuwa imeupita mlingoti. Jaribio la kweli ni kuomba kibali cha muda, kuisimamisha antena ndogo kwenye kila mahali panapofikiriwa, na kutembea na redio ya kawaida na simu katika vyumba vya wasikilizaji, ndani na si barabarani, kisha kuandika kinachosikika.

Kazi hiyo lazima itangulie leseni, kwa sababu leseni ya masafa hutolewa kwa kuandika latitudo na longitudo ya antena, kimo chake na nguvu yake, ili kituo kisigongane na vingine vilivyomo katika mpango wa FM uliokubaliwa Geneva mwaka 1984, na kuhamisha mlingoti baadaye ni kuanza maombi upya mbele ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nchini Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Vyuo vinavyojiandaa kuomba masafa vinapaswa kutenga fedha za vipimo hivyo katika bajeti ya kwanza, kabla ya mtambo kuagizwa, na kuwakabidhi kazi hiyo wanafunzi wao wenyewe wa uhandisi na jiografia, wanaojua ni vyumba gani vina watu na ni kilima gani kinawaficha.